Boma la ng'ombe lililoitwa makao ya "watu wema"

Katikati ya malisho ya Ireland utakuta duara la tuta na handaki, ndani yake miti imejiotea bila kuguswa. Kwa Kiingereza huitwa ngome ya viumbe wasioonekana, na wengi hudhani ni ngome kweli. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi: boma. Familia ilijenga nyumba yake humo, ng'ombe wakaingizwa usiku wasiibwe. Maboma hayo yanazidi 40,000, mengi ya kati ya mwaka 500 na 1000.

Wenyeji wenyewe walisema kwa muda mrefu kwamba yalijengwa na Wadenmaki. Sivyo. Ni kazi ya wakulima wa Ireland, na mengi yalikuwapo kabla Waviking, mabaharia waliotoka Denmark na nchi jirani, hawajatia nanga. Chini ya baadhi yake kuna njia za mawe za kuhifadhia chakula na kujifichia. Mtu anayesikia ardhi ikilia utupu chini ya miguu yake, sishangai akisema kuna wakaao huko.

Nao wakaao huko si vijitu vyenye mbawa za kipepeo. Aos sí, yaani viumbe hao kwa Kiairishi, katika simulizi za wazee hufanana na binadamu: wana mifugo, hucheza ngoma, hupigana, huchukua watu. Waliitwa "watu wema" kwa sababu waliogopwa, si kwa kuwa walipendwa.

Dhana inayoniuma ni ile ya kwamba hizi ni ngano za kubembelezea watoto tu. Mwaka 1895, huko Ballyvadlea, Tipperary, Bridget Cleary aliugua. Mumewe, Michael, akashikilia kwamba mkewe halisi amechukuliwa na aliyelala kitandani ni kiumbe kingine. Alimchoma moto. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa. Anayesifu utamu wa simulizi hizi amtaje na Bridget.

Lakini kusema imani hii ilileta hasara tupu nako ni kukosea. Wakulima waliogopa kulima maboma au kukata miti yake ya miiba, na hofu hiyo iliyalinda kabla ya sheria ya mambo ya kale ya 1930. Mwaka 1999, huko Latoon, Clare, msimulizi Eddie Lenihan aliutetea mti mmoja wa miiba uliokuwa kwenye njia ya barabara mpya. Barabara ikaupisha. Mwaka 2002 mtu aliukata matawi kwa msumeno, nao ukachipua tena.