Kuisoma nanga iliyo kwenye beji ya wanamaji

Nanga inayoshonwa kwenye kofia na kuchongwa kwenye vifungo vya wanamaji ni baura: mti mmoja wa chuma, pete juu, mikono miwili chini yenye makombe (ncha pana za kuchimbia), na gongo lililokingama karibu na pete.

Gongo hilo huchorwa vibaya karibu kila mahali, kwa sababu inayoeleweka. Kwenye baura halisi linakaa nyuzi 90 na mikono. Nanga ikifika chini hulala ubavu. Meli ikivuta, gongo hulala bapa na kuibiringisha nanga mpaka kombe moja lielekee chini na kuchimba. Kwenye karatasi, gongo la namna hiyo lingeonekana kama nukta, hivyo wachoraji hulilaza sambamba na mikono. Atakayefua nanga kwa kunakili beji atapata chuma kinachobururika tu.

Tazama pia kamba iliyojiviringisha kwenye mti. Kwa baharia hilo si pambo, ni balaa. Baura ikishika, kombe moja hubaki limesimama juu ya mchanga. Upepo au mkondo ukigeuka, meli huizunguka nanga yake, na mnyororo uliolegea hunasa kwenye kombe hilo. Mvuto unaofuata huing'oa nanga badala ya kuizamisha. Hata hivyo, nanga hiyo iliyonaswa ndiyo iliyokuwa kwenye muhuri wa Lord Howard wa Effingham, aliyekuwa amiri mkuu wa Uingereza tangu 1585, na ndiyo iliyomo kwenye nembo ya Marine Corps, kikosi cha askari wa majini cha Marekani, pamoja na tai na dunia, tangu 1868.

Alama yenyewe ni ya kale kuliko majeshi hayo. Wafalme wa ukoo wa Seleucus, waliotawala Shamu na nchi jirani, waliipiga kwenye sarafu zao kabla ya Kristo, na Waebrania 6:19 huliita tumaini nanga ya roho. Wakristo wa kwanza waliichora makaburini Roma.

Meli kubwa za leo zimeiacha baura. Gongo huzuia nanga kuvutwa hadi ndani ya tundu lake ubavuni mwa meli, kwa hiyo hutumika nanga isiyo na gongo, ambayo mikono yake hujikunja pande zote mbili. Hushika kidogo kuliko baura ya uzito uleule, lakini huhifadhiwa upesi na kwa usalama.

Kwenye ramani za bahari nanga ina maana nyingine kabisa: hapa panafaa kutia nanga. Ikikatwa kwa mstari au msalaba, ni marufuku, mara nyingi kwa sababu ya nyaya au mabomba yaliyolazwa chini. Nayo meli iliyotia nanga haionyeshi alama ya nanga. Kwa kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia meli kugongana, mchana hutundika tufe jeusi sehemu ya mbele, lenye kipenyo kisichopungua mita 0.6, na usiku huwasha taa nyeupe inayoonekana pande zote; yenye urefu wa mita 50 au zaidi huwasha mbili, ya nyuma ikiwa chini kuliko ya mbele.