Je, Virusi Vinahusika na Melanoma ya Nyayo na ya Utando Laini?

Melanoma ni saratani inayoanzia katika seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Kwa watu weupe chanzo chake kikuu ni mionzi ya jua, lakini maelezo hayo hayatoshi kwa melanoma ya unyayo, ya chini ya ukucha, wala ile ya utando laini, yaani inayoota puani, mdomoni au ukeni, ambako jua halifiki au hufika kwa shida. Aina hizi ni adimu, na kwa Waafrika ile ya unyayo ndiyo inayoonekana zaidi. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Ndiyo maana watafiti wamejiuliza kama kuna kirusi kinachohusika, na swali hilo lina msingi. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kinachosababisha saratani ya Kaposi, inayojulikana sana Afrika Mashariki. Mwaka 2008 maabara yao ya Pittsburgh, Marekani, ilikuta kirusi kingine katika vimbe 8 kati ya 10 za saratani ya seli za Merkel, ambayo nayo ni saratani adimu ya ngozi. Kuwapo kwa kirusi peke yake hakukuwa ushahidi, kwani watu wazima wengi wenye afya njema wanacho. Kilichokuwa na uzito ni kwamba jeni zake zilikuwa zimejipachika ndani ya DNA ya seli za uvimbe, mahali palepale katika seli za uvimbe mmoja, dalili kwamba kiliingia kabla uvimbe haujaanza kukua. Tena baadaye ilionekana kuwa protini zake zikizuiwa, seli hizo huacha kuongezeka.

Kwa melanoma, ushahidi wa kiwango hicho haujapatikana. Virusi vya papiloma, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, vimetafutwa katika melanoma za utando laini bila matokeo yanayokubaliana, na kwa maoni yangu mabaki ya kirusi ambacho huishi kwenye utando huo hata kwa watu wazima wenye afya hayatoshi kukiita chanzo. Kinachoonekana wazi zaidi katika melanoma hizi ni kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) zilizovunjika na kuungana upya ovyo, na wakati mwingine hitilafu katika jeni iitwayo KIT, ambayo zipo dawa za kuikabili.

Melanoma haiambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa vyombo wala kitanda. Kipimo cha virusi nacho hakiwezi kuitambua. Doa jeusi linalopanuka unyayoni, mstari mweusi mpya chini ya ukucha mmoja, au kidonda cha mguu kisichopona huhitaji kukatwa kipande na kuchunguzwa kwa hadubini, kabla ya kutibiwa kwa miezi kama fangasi au jeraha la kiatu.