Bahasha ya kupima choo na sababu za kutorudi kwake

Marekani, mtu akifikisha miaka 45 anaweza kuletewa kwa posta bahasha nene kidogo. Ndani mna karatasi ya kutandaza chooni, kichupa chenye kijiti kwenye kifuniko chake, na bahasha nyingine ya kurudishia. Unachokoa choo kikubwa kwa ncha ya kijiti, unakirudisha kichupani, unafunga, unatuma. Kipimo hicho, FIT, hutafuta damu isiyoonekana kwa macho, ambayo yaweza kuwa ishara ya saratani ya utumbo mpana. Bahasha nyingi hazirudi, hasa kutoka kwa watu wa kipato kidogo, na maneno yanayosemwa juu yao mara nyingi si ya kweli.

Dhana: Wasiorudisha ni wazembe.

Tutazame England. Mpango wao ulianza 2006, kipimo bure, kikiletwa mlangoni. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo walioitikia kwenye maeneo maskini zaidi walikuwa 35% tu, na kwenye yale yenye nafuu zaidi 61%. Kipimo cha wakati ule kilidai choo cha siku tatu tofauti. Kilipofanyiwa majaribio kipimo cha FIT, kinachotosheka na choo cha mara moja, walioitikia waliongezeka, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wamepuuza barua za nyuma. Watu ni walewale. Uzembe ulikwenda wapi?

Dhana: Wamarekani Weusi hawapendi kupimwa.

Kaiser Permanente, shirika la bima na hospitali, tawi la kaskazini mwa California, iliamua kutosubiri mgonjwa aje kliniki: kila aliyefikia zamu yake alitumiwa kichupa, kisha akakumbushwa. Waliopimwa wakapanda kutoka takriban 40% hadi karibu 80%, Weusi kwa Weupe. Vifo vya saratani hiyo kwa kila watu 100,000 vilishuka kutoka 54 hadi 21 kwa Weusi, na kutoka 33 hadi 20 kwa Weupe, ilipofika 2019. Pengo lililokuwa likielezwa kwa rangi ya ngozi likabaki la mtu mmoja.

Dhana: Maelekezo yana picha, kila mtu ataelewa.

Picha haikuambii uandike tarehe ya kuchukua choo, na kichupa kisicho na tarehe maabara huweza kukikataa. Tena Marekani mwezi hutangulia siku. Mzee aliyetoka Bukavu akaandika 7/3, akimaanisha Machi 7, atasomwa Julai 3. Na nani amsomee Kiingereza hicho? Mara nyingi ni mjukuu. Sijui babu gani angemwita mjukuu wake amsaidie habari za choo. Bahasha itawekwa juu ya kabati, na hapo ndipo itakapokaa. Simu moja ya muuguzi anayezungumza Kiswahili ingeokoa mengi.

Dhana: Lazima kwanza uache nyama.

Hilo lilikuwa la vipimo vya zamani. FIT inatambua damu ya binadamu, si ya ng'ombe. Kula.

Dhana: Sina maumivu wala damu, basi sihitaji.

Kipimo hiki ni cha wasio na dalili. Mwenye kuona damu chooni asisubiri bahasha wala asijiambie ni bawasiri. Aende kwa daktari.

Dhana: Majibu yakionyesha damu, ni saratani.

Wengi wa wanaokutwa na damu hawana saratani. Ila lazima wafanyiwe kolonoskopi, yaani kuangaliwa utumbo kwa kamera, na hapo tofauti za watu hurudi upya. Zamani Mmarekani aliyepimwa choo bure aliweza kuletewa bili kwa hatua hii ya pili. Bima nyingi za binafsi zilitakiwa kuacha hivyo 2022, na Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, ikafuata 2023. Bili imepungua. Lakini bado kuna siku nzima ya kunywa dawa ya kuharisha, siku ya pili ya kolonoskopi yenyewe, na sharti la kuwa na mtu wa kukurudisha nyumbani kwa sababu ya dawa ya usingizi. Anayelipwa kwa saa, asiye na ndugu mwenye gari, huomba apangiwe tarehe nyingine, kisha nyingine.