Jina la ukoo la Mjerumani si ukoo

Wiki hii nimelisikia tena. Dada mmoja aliyeolewa na Mmarekani, na sasa anawatafutia wanawe mababu wa upande wa baba, aliambiwa hivi: "Jina lao la ukoo si Snyder? Tafuta ukoo wa Snyder huko Ujerumani, utawapata wote." Aliyemshauri alikuwa na nia njema, lakini ushauri huo utampotezea miaka.

Tuanze na maana. Tunachokiita jina la ukoo kwa Wajerumani ni jina linalofuata jina la ubatizo, ambalo watoto hulirithi kwa mzazi. Ni hilo tu. Shida imo kwenye neno letu "ukoo", kwa sababu sisi tukilisema tunamaanisha jambo zito. Mchagga akikwambia yeye ni Massawe, amekutajia watu, asili yao na wapi wanakutana wakizikana. Binti wa Massawe akiolewa kwa Kimaro, ukoo wake haubadiliki. Tukichukua uzito huo wote tukaubebesha jina kama Schneider, ambalo huenda ndilo asili ya Snyder wa dada yetu, tunalitwisha mzigo usio wake.

Wajerumani wenyewe wana neno la zamani la jina hili, *Zuname*, yaani jina la kuongezea. Kwetu liko neno linalokaribiana nalo sana: lakabu. Mtaani mkiwa na akina Juma watano, mmoja huwa Juma Fundi, mwingine Juma Mrefu, wa tatu Juma wa Kisimani. Vijiji vya Ujerumani ya zamani vilijaa akina Johann kupita hata akina Juma wetu. Baba yake Johann Sebastian Bach, yule mtunzi wa muziki, aliitwa Johann Ambrosius, na kaka zake nao walikuwa akina Johann. Ndani ya familia, kilichomtambulisha mtu ni jina la pili la ubatizo, ndilo aliloitwa nyumbani, na hapo wengi hupotea wakimtafuta "Johann" peke yake. Kijijini, kumtofautisha Johann wa nyumba hii na wa nyumba ile, waliongezewa lakabu: Schmidt ni mhunzi, Müller mwenye kinu cha kusaga nafaka, Lang mrefu, Klein mdogo, na Schneider mshona nguo. Baada ya vizazi kadhaa lakabu ikaganda, mjukuu akaitwa Schneider hata kama hajawahi kushika sindano.

Sasa niambie, ni kijiji gani kilichokosa mshona nguo? Akina Schneider walizuka kila mahali, kila kijiji na wake, bila kujuana. Kushiriki jina hilo hakuwafanyi ndugu.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Huko Westfalen, magharibi mwa Ujerumani, mume aliyeoa binti mrithi wa shamba aliweza kuchukua jina la shamba na kuliacha la baba yake. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuonekana kwenye vitabu vya kanisa wana majina mawili tofauti. Ukiona neno *genannt*, yaani "aitwaye", katikati ya majina, jua umefika kwenye mlango wa namna hiyo. Watu wa Ostfriesland, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, waliitana kama sisi wa Pwani: Jan mwana wa Harm ni Jan Harms, na mwanawe Harm akawa Harm Janssen. Mwaka 1811 amri ya Napoleon, mtawala wa Ufaransa aliyelishika eneo hilo wakati huo, iliwataka wachague jina moja la kudumu, na hata baada ya hapo wengi waliendelea na desturi yao. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea Juma Hamisi kuzaa Hamisi Juma ataielewa familia hiyo kwa mtazamo mmoja.

Wanawake nao walitiwa kiambishi. Kwenye vitabu vya kanisa vya karne ya 18, mke au binti wa Schneider huandikwa Schneiderin. Huyo ni mtu wa nyumba ile ile.

Halafu linakuja suala la tahajia. Watu hupenda kusema maafisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York, ndio waliobadilisha majina. Si hivyo. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, na orodha za abiria ziliandikwa na kampuni za meli. Hans Nicolas Eisenhauer wa Karlsbrunn, Ujerumani, alifika Pennsylvania mapema zaidi, mwaka 1741, na Rais Eisenhower wa Marekani alikuwa mzao wake. Jina lilibadilika taratibu, katika makaratasi ya mashamba, kodi na makaburi, kila mwandishi akiandika alivyosikia. Kuanzia mwaka 1727, wanaume wa Kijerumani waliotua Philadelphia walikula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza na kutia saini. Ukiweka orodha ya abiria ya nahodha pembeni ya orodha ya saini, unaona mtu yule yule mara mbili: kwanza kama alivyosikika kwa Mwingereza, kisha kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za Kijerumani. Asiyejua kuandika alitia alama, na karani akamwandikia.

Dada yangu, huyo Snyder wenu yumkini alikuwa Schneider. Usianze na jina. Anza na usharika wa babu wa kwanza mnayemjua huko Amerika, usome vitabu vya ubatizo na vya mazishi, pamoja na mawe ya makaburi, ukitafuta kitu kimoja tu: jina la kijiji alikotoka. Wachungaji wengine waliliandika. Ukishalipata, fungua vitabu vya kanisa la kijiji hicho, maana usajili wa serikali kwa Ujerumani nzima ulianza mwaka 1876 tu. Hapo ndipo jina Schneider litakufaa, kwa kumtenga Johann wenu na akina Johann wengine wa kijiji kile.