Je, wajua kwa nini SSD yenye kasi kubwa inaweza kuchelewesha hifadhidata?

Kwenye boksi la SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu za flashi, kuna tarakimu iliyochapwa kubwa kuliko zote: gigabaiti 7 kwa sekunde. Si uongo. SSD ya NVMe, aina inayoungwa kwenye njia za kasi za kompyuta ziitwazo PCIe, ikitumia njia nne za PCIe 4.0 inafika huko, lakini kwa kusoma faili kubwa mfululizo. Hifadhidata hudonoadonoa: programu ya hifadhidata ya PostgreSQL huchota kurasa za kilobaiti 8, na InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, kilobaiti 16, huku na kule.

Penye kuuma zaidi ni kuandika. Kabla ya kuthibitisha muamala, hifadhidata huuandika kwenye daftari lake la mabadiliko, kisha huiambia diski kwa amri ya fsync: usinijibu mpaka data iwe salama hata umeme ukikatika. Mteja naye anangoja jibu hilo.

SSD ya kompyuta ya kawaida hupokea data kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo umeme ukikatika hufutika. Kwa hiyo ikiwa ni aminifu, lazima kwanza imalize kuandika kwenye chipu za flashi, kazi inayoweza kuchukua milisekunde nzima au zaidi. SSD ya seva ina kapasita ndani yake, na chaji ya kapasita hizo inatosha kuhamisha kilichobaki hadi kwenye flashi umeme ukizimika ghafla. Ndiyo maana inaweza kujibu mara tu data inapofika kwenye kumbukumbu ya muda, ndani ya makumi tu ya mikrosekunde. SSD isiyo na kapasita ikijibu fsync kwa kasi hiyohiyo, mimi ningeishuku kwanza kabla ya kuisifu.

Suala la pili ni uchakavu. Flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Hufutwa bloku nzima kwa mpigo, hivyo badiliko la baiti chache huzaa maandishi mengi kuliko uliyoomba. Angalia kipimo cha DWPD, yaani mara ngapi kwa siku unaweza kuijaza SSD nzima katika kipindi cha dhamana. Ya terabaiti 1.92 yenye DWPD 1 kwa miaka 5 hubeba takriban terabaiti 3,500. Seva inayosomwa tu haitazimaliza. Inayopokea miamala usiku na mchana yaweza.

Foleni nazo zina nafasi yake: SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, ina foleni moja ya amri 32, NVMe inaruhusu maelfu ya foleni. Faida hiyo huonekana watumiaji wakiwa wengi. Muamala mmoja unaosubiri fsync haufaidiki na foleni ndefu.

Kabla ya kununua nyingi, jaribu moja. PostgreSQL huja na programu ndogo iitwayo pg_test_fsync, inayoonyesha fsync ngapi zinakamilika kwa sekunde. Kisha iandikie SSD mfululizo kwa saa kadhaa, maana nyingi huanza mbio vizuri na kupunguza mwendo akiba yao ya haraka ikijaa.