Mlipuko Mkuu haukuwa mlipuko

Nadharia ya Mlipuko Mkuu inasema ulimwengu ulianza ukiwa na joto kali na msongamano mkubwa, kisha ukatanuka na kupoa. Aliyeipa jina lake hakuiamini hata kidogo. Fred Hoyle, mtaalamu wa falaki wa Uingereza, alikuwa akizungumza kwenye redio ya BBC mwezi Machi 1949. Yeye alishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala hautakuwa na mwisho, na alipofika kwenye hoja za wapinzani wake akazitaja kwa maneno "Big Bang", yaani kishindo kikubwa. Jina likanata. Lilipoingia kwenye Kiswahili hatukuliacha kuwa kishindo, tukalifanya mlipuko, na hapo mambo yakazidi kuharibika. Mlipuko kwetu ni baruti au mtungi wa gesi: kitu kiko mahali fulani, kinapasuka, vipande vinaruka. Dhana nyingi potofu kuhusu mwanzo wa ulimwengu zimezaliwa na picha hiyo.

Dhana: Kulikuwa na giza tupu, katikati yake kitu kidogo kikalipuka

Ukweli ni kwamba hapakuwa na katikati, wala hapakuwa na giza la nje lililokuwa likisubiri vipande. Kilichotanuka ni anga lenyewe, yaani ile nafasi iliyo kati ya vitu.

Tafuta kipande cha lastiki. Kiwekee nukta 10 za kalamu, kila moja sentimita 1 kutoka kwa mwenzake, kisha kivute taratibu mpaka nafasi kati ya nukta na nukta ifike sentimita 2. Sasa jifanye unakaa kwenye nukta ya tatu. Jirani yako wa karibu amesogea sentimita 1. Nukta ya nane, iliyokuwa sentimita 5 kutoka kwako, sasa iko sentimita 10. Imesogea sentimita 5 kwa muda uleule. Kadiri nukta ilivyo mbali ndivyo inavyoonekana kukukimbia kwa kasi. Hamia nukta ya saba uhesabu upya: matokeo hayabadiliki. Kila nukta inajiona ndiyo kitovu, na hakuna iliyo kitovu.

Georges Lemaître, padri na mwanafizikia wa Ubelgiji, alilitoa jambo hili mwaka 1927 kutoka kwenye milinganyo ya Einstein ya mvutano. Mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vya galaksi, yaani visiwa vikubwa vya nyota, vilivyoonyesha hivyohivyo: iliyo mbali inakwenda kasi zaidi. Lastiki ina ncha mbili, na hapo mfano wangu unaishia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona ukingo wa ulimwengu. Lakini anayeuliza Mlipuko Mkuu ulitokea wapi anaweza kujibiwa bila utani: hapo ulipokaa, na kila mahali pengine.

Hapa kuna kosa dogo linalorudiwa hata na walimu wazuri, kwamba ulimwengu mzima ulianza ukiwa mdogo kuliko punje ya mchanga. Kilichokuwa kidogo ni ile sehemu tunayoweza kuiona leo. Ulimwengu mzima huenda hauna kikomo, na kama ni hivyo, haukuwa na kikomo tangu hapo.

Dhana: Nadharia hii inaeleza jinsi kitu kilivyotokea pasipo kitu

Haielezi. Inaanza pale ulimwengu ulipokuwa tayari upo, wenye joto kali na msongamano wa ajabu, na kusimulia ulivyotanuka na kupoa. Ukiirudisha hesabu nyuma mpaka sekunde sifuri, milinganyo inavunjika na kutoa majibu yasiyo na maana.

Kwa hiyo anayeichukia akidhani imemfukuza Muumba, na anayeishangilia kwa sababu hiyohiyo, wote wameibebesha nadharia mzigo usio wake. Papa Pius XII alikosea upande wa pili: katika hotuba ya mwaka 1951 alionyesha kana kwamba sayansi imeuthibitisha uumbaji. Lemaître, pamoja na upadri wake, hakufurahia. Kwake hesabu za falaki zilikuwa suala moja, imani suala jingine.

Dhana: Ni nadharia tu, nani alikuwepo akaona?

Neno nadharia limeponzwa na mazungumzo ya kila siku, ambako tunaliweka kinyume cha vitendo. Katika sayansi ni maelezo yaliyokubali kubanwa na vipimo, na hii ilibanwa kwelikweli.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa Holmdel, New Jersey, na antena kubwa yenye umbo la pembe. Walipoielekeza angani walikuta mvumo usiokatika. Wakaigeuza huku na huko: mvumo uleule. Usiku na mchana, miezi ikapita: uleule. Ndani ya pembe njiwa walikuwa wamejenga kiota na kuitapakaza mavi. Njiwa wakaondolewa, mavi yakakwanguliwa, vipimo vikarudiwa. Mvumo haukuondoka. Kumbe si mbali na hapo, Princeton, kundi la Robert Dicke lilikuwa likijenga chombo cha kuutafuta huohuo, kwa hoja kwamba ulimwengu uliowahi kuwa na joto kali lazima uwe umeacha mabaki ya mwanga.

Mwanga huo uliachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, ulipopoa kiasi cha kuiruhusu nuru ipite. Tangu hapo mawimbi yake yamerefuka takriban mara 1,100, na leo ni mawimbi ya mikrowevu yenye baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri. Penzias na Wilson walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1978. Njiwa hawakupata kitu. Na kama umewahi kukaa mbele ya televisheni ya zamani ya antena ikiwa haijashika stesheni, basi sehemu ndogo ya zile chenga, kama asilimia 1, ilikuwa mwanga huo. Kwa hiyo uliuona, ila uliukasirikia.

Ushahidi mwingine ni gesi ya heli, ambayo ni karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida iliyopo. Nyota peke yake zisingeweza kutengeneza yote hiyo. Nyingi ilipikwa katika dakika chache za mwanzo. Mwaka 1964 Hoyle huyohuyo, akiwa na Roger Tayler, aliandika kwamba heli ni nyingi mno kuelezwa na nyota za kawaida. Mpinzani alichangia ushahidi, na bado hakubadili msimamo.

Dhana: Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, basi hatuwezi kuona zaidi ya miaka ya nuru bilioni 13.8

Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Dhana hii ingekuwa kweli kama anga lingetulia. Mwanga ukiwa njiani, anga lilizidi kutanuka nyuma yake, na vilivyoutoa sasa viko hadi miaka ya nuru bilioni 46 hivi kutoka kwetu.

Dhana kuhusu mwisho

Hapa watu huchanganya vifo viwili. Jua litaishiwa hidrojeni katika kiini chake baada ya miaka bilioni 5 hivi, livimbe kuwa jitu jekundu. Hilo ni msiba wetu, si wa ulimwengu: nyota ndogo nyekundu zitaendelea kuwaka kwa matrilioni ya miaka.

Wengine hudhani kwamba kila kitu kinatanuka, miili yetu ikiwemo. La. Palipo na mvutano wa kutosha, mtanuko hauna nguvu. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, inatusogelea kwa kasi ya kilomita 110 hivi kwa sekunde.

Zamani wengi walitarajia mvutano ungeushinda mtanuko, kila kitu kirudi na kubanana. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanasayansi yaliyopima nyota zinazolipuka mbali sana yalikuta kinyume: mtanuko unaongeza kasi. Kinachousukuma kimepewa jina la nishati ya giza, na ni karibu asilimia 68 ya vyote vilivyomo. Jina hilo ni kibandiko juu ya boksi lililofungwa. Vipimo vya 2024 na 2025 vya DESI, mradi unaochora ramani ya galaksi, vinadokeza kwamba huenda nguvu yake inapungua, jambo ambalo bado halijathibitishwa.

Ikibaki ilivyo, galaksi za mbali zitatoweka machoni moja moja, na mawimbi ya ule mvumo wa Holmdel yatarefuka mpaka yasipimike. Mtaalamu wa falaki wa wakati huo ataona kisiwa kimoja cha nyota ndani ya giza lililotulia, bila chochote kinachokimbia. Akifuata vipimo vyake kwa uaminifu, atasema ulimwengu haukuwahi kuwa na mwanzo, kama alivyosema Hoyle.