Kufungua paipu za mafuta kwenye pikapu ya zamani: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 bado zinabeba ndizi, simenti na mbuzi kwenye barabara zetu, na wenye nazo wengi hufungua paipu za mafuta wenyewe, iwe ni kubadilisha filta au mpira uliopasuka. Kazi hiyo mtu makini anaiweza. Shida yangu ni maneno tunayorithishana chini ya mwembe wa gereji, maana mengine yameunguza watu.

"Ukishazima injini, mafuta yametulia." Hili linaniumiza kuliko yote kwa sababu nusu yake ni kweli. Hilux ya kabureta, mathalani yenye injini ya 22R, ina pampu inayosukumwa na injini yenyewe na presha yake ni ndogo. Ukilegeza mpira, mafuta yanachuruzika tu. Lakini yenye injini ya 3RZ-FE haina kabureta. Ina nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini, na pampu ya umeme iliyo ndani ya tenki inasukuma petroli kwa karibu bar 3, kuzidi upepo wa tairi la gari dogo. Na mfumo umetengenezwa makusudi ubaki na presha hata baada ya kuzima, ili injini iwake haraka.

Niliwahi kusimama pembeni bolti ya filta ikilegezwa robo saa baada ya gari kuzimwa. Spana ilizunguka kidogo tu. Petroli haikudondoka, ilipuliza kama dawa ya mbu, ikamlowesha kijana kuanzia machoni hadi kifuani. Taa ya globu ilikuwa inaning'inia kwenye boneti, shubiri mbili kutoka pale. Tone moja la baridi likitua kwenye globu ya moto linaweza kuipasua, na ule waya wa ndani ndio kiberiti. Halikutua. Tulimwosha macho kwa maji mengi, tukamvua shati, na tangu siku hiyo globu siitaki karibu na mafuta. Tumia tochi, na iwashe kabla hujafungua kitu.

"Toa waya wa betri, basi umemaliza." Kutoa waya wa betri hakuondoi presha. Kwanza chomoa plagi ya umeme ya pampu ya mafuta, washa injini, iache ingurume mpaka izime yenyewe, kisha piga stata sekunde chache. Fungua mfuniko wa tenki upumue. Hapo ndipo unatoa waya wa negativu. Wengine huchomoa fyuzi yoyote ya injini wanayoiona, lakini ikiwa fyuzi hiyo inalisha pia kompyuta ya injini, gari litazima papo hapo na presha itabaki palepale. Hata ukifuata utaratibu wote, zungushia tambara kwenye kiungio, weka chombo chini, vaa miwani, legeza polepole. Na tumia spana mbili, moja ishike, nyingine izungushe. Paipu ya chuma iliyokula kutu kwa miaka 30 ukiisokota inakatika.

"Sioni mafuta chini, kwa hiyo hakuna hatari." Kinachoshika moto ni mvuke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Dodoma saa nane mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni, unatuama kwenye shimo la gereji, na unaweza kufika kwa mama ntilie mwenye jiko la mkaa ambaye hana habari kwamba kuna mtu kafungua paipu.

"Dizeli ni salama." Kushika moto, ndiyo, ni ngumu kuliko petroli. Ila paipu za chuma zinazotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli, hata kwenye injini za zamani za 2L na 3L, hupitisha dizeli kwa zaidi ya bar 100. Nimeona mafundi wazoefu wakitafuta uvujaji kwa kidole huku injini inaunguruma. Mchirizi mwembamba kama uzi unatoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama. Nje unaona alama kama ya sindano, haiumi sana, mtu anaendelea na kazi, na hapo ndipo kidole hupotea. Nenda hospitali saa hiyohiyo, useme wazi kwamba ni dizeli ya presha. Uvujaji tafuta kwa kipande cha boksi.

"Nyonya kidogo kwa mdomo, itashuka yenyewe." Tafadhali, acha. Petroli ikipita njia ya hewa inaunguza mapafu. Aliyemeza asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa, apelekwe hospitali. Pampu ya mkono hufanya kazi hiyohiyo.

"Mpira wowote unaingia." Kuingia unaingia. Ule wa kabureta haukutengenezwa kuhimili bar 3, na wa maji unaliwa na petroli kwa ndani.

Ukisharudisha kila kitu, pamoja na washa mpya (zile pete za kuzuia kuvuja) pande zote mbili za bolti ya filta, futa mafuta yote yaliyomwagika na uyapeleke matambara mbali. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu, maana maji huisambaza petroli inayowaka. Rudisha plagi ya pampu, kisha waya wa betri. Mwingine apige stata, wewe mulika kila kiungio kwa tochi. Ukiona hata unyevu tu, zima na uanze upya tangu kutoa presha.